Kofia za nguzo, pakiti ya Nyayo na nyuso saba ambazo ni tano

Watu wengi wakiskia piramidi wanafikiria Misri na ngamia, mimi nafikiria nguzo za geti. Nafanya kazi ya bati Kamukunji, hapa Nairobi, tangu nikiwa kijana, nilianzia kwa banda la mjomba nikishika tu bati yeye akikata, na vitu vya pale unavijua, masanduku ya watoto wa bodingi, majiko, wilbaro, makarai, mashine za chipsi. Lakini kitu kimenifunza hesabu kuliko hizo zote ni ile kofia ya pembe nne inawekwa juu ya nguzo ya geti ndio mvua isiingie kwa simiti. Hiyo ni piramidi kabisa. Tembea mtaa wowote wenye mageti utaziona, zingine za simiti, zingine za bati, na kila iliyokaa vizuri jua kuna mtu alijua kutofautisha vipimo vitatu ambavyo wateja wote wanaviita "urefu" tu na kuniachia mimi kazi ya kubahatisha wanamaanisha gani.

Wacha nivieleze mapema juu bila hivyo hakuna kitu ingine itaeleweka. Cha kwanza ni kimo, hicho kinatoka kwa ncha ya juu moja kwa moja hadi katikati ya kitako, kinapita ndani hewani, na ukishafunga kofia huwezi tena kukipima kwa tepu. Cha pili ni mteremko, hiki kinatoka kwa ncha kinashuka katikati ya uso mmoja mpaka nusu ya upande wa chini. Cha tatu ni ukingo, pale nyuso mbili zinakutana, kutoka ncha hadi kona. Kimo ndio kifupi siku zote, mteremko unafuata, ukingo ndio mrefu kuliko vyote. Mteja akikwambia "nataka ya urefu wa kumi na tano" usiguse makasi kabla hujamuuliza kumi na tano ya wapi.

Sasa kulikuwa na kijana alikuja kwangu kujifunza, ametoka kidato cha nne juzi tu na hesabu amepita vizuri kuliko mimi nilivyowahi pita kitu yoyote. Order ilikuwa ya nguzo mbili za sentimita 40 kwa 40, kofia ipande sentimita 15. Nikamwachia. Akachora pembetatu nne, kila moja kitako 40 na kimo 15, safi kabisa, mistari imenyooka, nikaona lakini nikanyamaza, juu bado ilikuwa kwa katoni sio kwa bati. Akazikata akazipanga kwa mraba wa 40 aanze kuziinua.

"Mzee, hizi haziguzani."

"Haziguzani aje?"

"Hata nikizilaza chini kabisa, katikati kunabaki shimo."

Na ni kweli. Kutoka upande wa mraba wa 40 hadi katikati ni 20, sasa pembetatu ya 15 hata ukiilaza chapati haifiki katikati, itapanda na nini? Hapo ndo nikamwambia akate zingine, kimo cha pembetatu kiwe 20 kamili. Zikaguzana zote nne lakini zikalala chini, mraba tu, hakuna piramidi hapo. Nikamwambia haya, ongeza sentimita moja tu, kata za 21. Alidhani itainuka kidogo sana, kitu ya sentimita moja hivi. Ikapanda karibu sita na nusu! Akashika rula akapima tena, akatoa biro akafanya hesabu pembeni ya katoni, 21 mara 21 ni 441, toa 400, inabaki 41, na kipeuo chake cha pili ni 6.4. Akaniangalia.

Hiyo kitu mimi naipenda sana na sijawahi ona mwalimu akiitaja. Piramidi fupi ndio ngumu, sio ndefu. Ukiwa karibu na kulala, nusu sentimita ya makosa kwa mteremko inahamisha ncha sentimita nne na nusu juu, unaona, ndio maana zile kofia za chini chini huwa zinakaa zimepinda na moja haifanani na ya nguzo ya pili. Ukishafika juu, makosa madogo hayaonekani sana. Kwa ile order jibu lilikuwa 25, juu 20 mara 20 ni 400, 15 mara 15 ni 225, jumla 625, na 25 mara 25 ndio hiyo. Ni ile kanuni ya Pythagoras, ya pembetatu yenye pembe ya digrii 90. Yule kijana alikuwa anaijua Pythagoras kuliko mimi, tena alikuwa amefanya yale maswali ya shule ya piramidi VABCD mpaka akachoka, lakini kwa mtihani mtu anakuchorea tayari, hapa hakuna mtu amekuchorea.

Alafu siku hizi hatukati pembetatu nne, hiyo ni kazi mingi na kila mahali umeunganisha ni mahali maji yataingia. Tunakata kipande kimoja. Hapo ndio ule ukingo unahitajika, 25 na 20 tena, 625 na 400 ni 1025, kipeuo chake cha pili ni 32 na kitu kidogo. Unapiga msumari kwa bati, unafunga waya, unachora duara la nusu kipenyo 32, sio 25 wala 15, ni 32, alafu kwenye mzingo wa duara unaruka na rula ya 40 mara nne. Unganisha hizo alama na mistari iliyonyooka, chora pia kutoka kila alama hadi kwa msumari, kata kwa nje, kunja kwa mistari ya ndani, na uache ulimi wa sentimita moja na nusu upande mmoja wa kupigia riveti. Duara haliishi, linabaki na pengo la digrii kama 51, na hilo pengo ndio linafanya bati inyanyuke. Pembe zote nne pale juu zikijumlishwa zinakuwa kama 309, zingefika 360 ungekuwa na kitu imelala.

Jirani yangu ni mwalimu wa junior secondary, mama mpole lakini kwa hesabu hana mchezo. Alikuja siku moja na watoto wawili wa darasa lake wakitafuta mabaki ya bati ya kutengeneza modeli, juu siku hizi na huu mtaala wa CBC kila homuwaki ni modeli, mzazi anakesha na gundi mtoto amelala. Akaona kofia zimepangwa pale akawauliza wale watoto, hii ina nyuso ngapi. Wakasema tano. Nikasema nne.

"Fundi, piramidi ya mraba ina nyuso tano, usinichanganyie watoto."

"Mwalimu, hebu igeuze."

Akaigeuza, chini wazi. Akacheka. Lakini hakuniachia hivo, na hapa nampa haki yake, akawaambia watoto kwamba fundi anahesabu bati anayolipwa, darasani tunahesabu umbo zima likiwa limefungwa, kitako pia ni uso. Kwa hivyo ya mraba ni nyuso tano, kona tano, kingo nane. Ya kitako cha pembetatu ni nyuso nne, kona nne, kingo sita. Na hauhitaji kukariri hata moja, angalia tu kitako kina pande ngapi. Kila upande wa chini unabeba uso mmoja, ongeza kitako chenyewe. Kila kona ya chini inatuma ukingo mmoja juu, kwa hivyo kingo ni mara mbili ya pande za chini. Kitako cha pande sita? nyuso saba, kona saba, kingo kumi na mbili. Mtoto mmoja akauliza mbona nyuso na kona zinalingana kila saa, swali zuri sana hilo, na mwalimu akamjibu kwamba kitako kina mwenzake, ile ncha, na kila uso wa pembeni una mwenzake, kona ya chini. Ukichukua kona ukaongeza nyuso ukatoa kingo utapata mbili, iwe piramidi, iwe boksi, iwe prizimu, lile umbo la miisho miwili inayofanana kama hema, hiyo ni ya Euler, mwanahesabu Mswisi, aliiandika kwa barua mwaka wa 1750.

Nikawapea na mimi yangu. Nikawaambia waniletee umbo la nyuso zilizonyooka lenye kingo saba kamili. Sita lipo, nane lipo, tisa lipo, ile ya prizimu ya pembetatu. Saba. Wakaondoka na vijiti vya meno na plastisini wakiwa na uhakika kabisa. Hakuna umbo kama hilo, na hata Euler alisema hakuna. Mama wa mmoja alinitumia ujumbe saa tatu usiku akiniuliza nimempea mtoto nini hicho amekataa kulala.

Sasa kuna piramidi moja ambayo watu wa umri wangu wote wameshika mkononi na hawajui kama ilikuwa piramidi. Pakiti ya maziwa ya Nyayo. Kama ulisoma shule ya msingi enzi ya Moi unaikumbuka, mpango wa maziwa ya bure shuleni ulianza 1979, lori likifika shule nzima inatoka kwa madirisha, na pakiti ilikuwa ya pembe pembe hivi, huwezi kuisimamisha na "kichwa" juu ukasema hapa ndio chini, kila upande ni chini. Nyuso nne, zote pembetatu. Ile teknolojia ni ya Tetra Pak ya Sweden, kampuni ilianzishwa 1951, na hilo ndilo umbo walianza nalo. Nilikuja kuelewa ilivyotengenezwa nikiwa fundi tayari, na kama kuna mtoto nyumbani mfanyie hii leo hii, haitaki bati. Chukua ukanda wa karatasi wa sentimita 21 kwa 8.7. Uuzungushe uwe bomba fupi, ule upande wa 21 ndio unazunguka, upishane sentimita moja, bandika. Sasa finya mdomo wa juu uwe bapa, uufunge. Mdomo wa chini usiufinye kwa mwelekeo uleule, geuza mkono robo, ufinye ukikatana na wa juu kama msalaba, ufunge. Umemaliza. Iko piramidi mkononi, nyuso nne, na pande zote sita ni sentimita kumi.

Hakuna kipande kimekatwa kikatupwa. Mimi mtu wa bati hiyo inaniuma roho, juu kwa kofia moja tu mabaki ninayotupa ni mengi, na hawa jamaa bomba moja refu la karatasi linafinywa huku, linafinywa kule, huku, kule, na kila ukifinya piramidi moja imetoka na maziwa ndani. Kingo mbili ni zile ulifinya, zile zingine nne zimejikunja zenyewe. Shida yake ilikuwa tu kuzipanga, haziingiani vizuri kwa katoni ya kawaida, na nafikiri ndio maana leo maziwa yanakuja kwa pakiti za umbo la tofali.

Hiyo 8.7 sio namba ya bahati. Ukitaka pembetatu yenye pande zote kumi, kimo chake ni 8.66. Na pembetatu za aina hiyo, za pande zote sawa, zina tabia yake. Kila pembe ni 60. Ukizikutanisha tatu kwa ncha moja ni 180, inanyanyuka juu sana, hiyo ndio ya maziwa. Nne ni 240, hiyo ni ya kitako cha mraba. Tano ni 300, bado inanyanyuka ingawa imekuwa fupi. Sita ni 360 na imelala, kwisha. Kwa hivyo piramidi za nyuso za pembeni zenye pande sawa ni tatu peke yake duniani, kitako cha tatu, cha nne na cha tano. Niliwahi kupewa order na mtu wa kanisa akitaka kofia ya mnara ya pembe sita, na anataka kila pembetatu iwe na pande sawa "ndio ipendeze". Nikamkatia za katoni, nikazilaza kwa meza mbele yake. Akaangalia, akasema haya basi fanya unavyoona.

Na sasa nifike kwa ile stori yenyewe iliyonifanya nikae chini niandike haya yote. Mwalimu jirani alikuja na swali kwa simu, akaniambia fundi hili lilitolewa kwa mtihani Marekani, Oktoba 1980, ule wa PSAT unaofanywa na watoto wa sekondari, na watahini wenyewe walikosea. Kuna piramidi mbili. Moja ni ya kitako cha mraba, pembetatu zake nne zote zina pande sawa. Nyingine ni ya pembetatu tupu, nyuso nne, pande sawa, saizi ileile. Unachukua uso mmoja wa hii unaugundisha na uso mmoja wa ile, zinafunikana kabisa. Umbo jipya lina nyuso ngapi za nje?

Kila mtu anafanya hivi: tano na nne ni tisa, mbili zimefichwa pale kwa gundi, inabaki saba. Yule kijana wangu alijibu saba kabla sijamaliza kusoma. Mke wangu akasema saba. Watahini pia walikuwa wameweka saba. Kulikuwa na mwanafunzi wa Florida wa miaka 17, Daniel Lowen, akajibu tano, akawekewa X. Hakukubali. Alitengeneza modeli, akaonyesha, na mwaka wa 1981 watahini wakakubali ni yeye alikuwa sawa na ikabidi alama za wanafunzi zirekebishwe. Kijana wa shule na makaratasi yake!

Nikasema mimi siamini mpaka nione. Tukakata manila, pembetatu nane za sentimita kumi na mraba mmoja, tukabandika piramidi mbili, alafu tukazigundisha uso kwa uso. Binti yangu wa mwisho ndiye alipitisha kidole. Akaanza kwa uso wa pembeni wa ile ya mraba, kidole kikaenda mpaka pale ambapo inaungana na ile ndogo, kikapita. Hakuna mkunjo. Akarudi tena. Nyuso mbili, moja ya piramidi hii na moja ya ile, zimekuwa bapa moja, kama ungepaka rangi usingejua kuna kiungo. Upande wa pili pia hivohivo. Kwa hivyo saba, toa mbili zilizoyeyuka ndani ya wenzao, tano.

Usiku ule sikulala vizuri, juu kuona nimeona lakini kwa nini? Manila inaweza kudanganya, tofauti ya digrii moja kidole hakiisikii. Unaweza kwenda kwa pembe, ile ndogo inafungua digrii 70 na nusu hivi kati ya nyuso zake, ile ya mraba 109 na nusu, ukijumlisha 180, imenyooka. Lakini hiyo ni kuamini kikokotoo. Mwalimu alinionyesha njia ya watu wa mikono. Tengeneza piramidi mbili za mraba, sio moja, zinazofanana. Ziweke kwa meza bega kwa bega, miraba ishikane upande mmoja. Sasa angalia juu. Ncha ya hii iko juu ya katikati ya mraba wake, na ya ile vilevile, na kutoka katikati ya mraba huu hadi ule ni sentimita kumi. Kwa hivyo ncha kwa ncha ni kumi. Kati yao kuna bonde. Bonde lina ukingo wa chini wa kumi, pale miraba imeshikana, lina kingo nne za pembeni za kumi kumi, na ukiweka kijiti cha kumi kutoka ncha hadi ncha umelifunga. Kingo sita zote kumi! Hilo bonde ni ile piramidi ndogo, inaingia pale haibaki nafasi hata ya kupitisha karatasi.

Sasa simama mbele ya meza. Piramidi zote mbili zinakuangalia na uso wa mbele, na hizo nyuso mbili zimelala kwa mteremko mmoja, ungeweza kuegemeza ubao mmoja zote zikaugusa. Ile pembetatu ya bonde iliyo katikati yao, kona zake tatu zote ziko tayari kwa huo ubao, mbili ni zile ncha za juu na moja ni pale chini miraba inakutana. Itaenda wapi? Lazima nayo iko kwa ubao. Kwisha. Hakuna digrii, hakuna kikokotoo. Mimi nilipiga meza.

Na umbo linalobaki sio ajabu ya dunia, ni prizimu ya pembetatu iliyoegemea upande, hema lililosukumwa na upepo. Mraba mmoja, mbili za msambamba, pembetatu mbili miisho. Kona sita, kingo tisa, nyuso tano, weka kwa ile ya Euler uone kama haitoki mbili. Alafu ukitaka raha zaidi jaza ile ndogo mchele umimine kwa ile ya mraba, itaingia mara mbili kamili. Yule kijana alikataa, akafanya mara ya pili na sukari, mke wangu akatufukuza jikoni.

Kuna wenye watasema hayo ni mambo ya vitabu, lakini hata yale mapiramidi ya Giza kule Misri nyuso zake zina kesi. Ile kubwa ya mfalme Khufu kitako ni kama mita 230 kila upande, na ilipojengwa kimo kilikuwa kama 146.6. Piga ile hesabu ya nguzo ya geti, mteremko unatoka kama 186, ukingo kama 219. Ndio maana ukisimama kwa kona inaonekana imelala kuliko ukisimama mbele, mbele ni digrii karibu 52, kwa kona ni 42, na picha nyingi zinapigwa kutoka kwa kona. Alafu kila uso wa ile piramidi umebonyea kidogo katikati, kutoka juu mpaka chini, mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipoipima miaka ya 1880 aliliona hilo, kwa hivyo kuna watu wanahesabu pembeni nyuso nane badala ya nne. Na kwa sisi watu wa huku, Sudan wana piramidi nyingi kuliko Misri, za Meroe ni nyembamba, zimesimama, yaani mteremko mrefu kwa kitako kidogo, hizo fundi hawezi kukosea sana.

Kazi ya mwisho ya aina hii nimeimaliza juzi, sio piramidi nzima, ni ile imekatwa kichwa ikageuzwa, mdomo wa mashine ya posho, pale unamwaga mahindi. Mama mmoja ana mashine Kayole. Juu 60 kwa 60, chini pa kuingilia mashine 10 kwa 10, kimo 60. Mteremko: 60 toa 10 ni 50, nusu 25, 25 na 60 inakupa 65 kamili, hakuna hata pointi. Akataka kujua itabeba madebe mangapi. Hesabu ya hiyo ni ya zamani ajabu, kuna maandishi ya mafunjo ya Wamisri wa kale, saa hii yako Moscow, yana karibu miaka 3,800, na swali la 14 ni hilihili, chini 4, juu 2, kimo 6, jibu 56. Walijumlisha 16 na 8 na 4, wakazidisha na theluthi ya kimo. Mimi nikaweka zangu, 3600, 600 na 100, jumla 4300, mara 20, ni 86,000, lita 86. Madebe manne na kitu.

Akakubali madebe, bati ndio akakataa.

"Fundi, nyuso nne tu, mbona unaniandikia bati nzima ya futi nane?"

Nikamwambia mama, zikisimama zote kichwa juu ni 60 mara nne, 240, bati ina 244, na bado sijaweka ndimi za riveti, hata hiyo moja haitoshi. Lakini nikizipanga moja kichwa juu moja kichwa chini zinaingiana, zinakula kama 165 tu pamoja, na ndimi labda 172. Akaniambia nichore mbele yake. Nikachora. Akapima mwenyewe na tepu yangu, akalipa, na alipokuja kuchukua mdomo wake akabeba pia kile kipande kilichobaki, ati bati ni yake.